GARI LA BABU (michango tu, utani upelekwe kwingine)

Dada Rehema, 06:12
Jamani amkeni. Gari limezima tena jana usiku Tito akiwa njiani, stata inazungusha vizuri ila haliwaki. Alhamisi Bibi ana kliniki. Nataka majina, nani anaingia na nani haingii

Dada Rehema, 06:41
Naona mmesoma. Tiki za bluu hazinunui spea

Tito, 07:03
Shikamooni. Nimekaa nalo tangu alfajiri. Ukiweka swichi ile sauti ya pampu ya mafuta, zzzz ya sekunde 2 hivi, haipo kabisa. Fyuzi nzima. Rilei, ile swichi ya umeme ya pampu, nimebadilishana na ya honi, honi inalia pampu kimya, so rilei siyo. Betri 12.6

Chande, 07:05
kwa hiyo sasa nikikanyaga mafuta linapiga honi 😂😂

Dada Rehema, 07:05
Chande toka

Kaka Musa, 07:20
Gongeni tangi kwa chini na ubao. Mwaka ule si liliwaka hivyo hivyo

Mama Zuu, 07:22
Huo mwaka tuuache Musa

Dada Rehema, 07:24
Tuuache vipi wakati tulichanga pampu nzima, Kassim akaenda kununua, likatembea wiki tatu likarudi kulekule. Mi nasema tu sitaki yajirudie

Shem Kassim, 08:50
Rehema unanitajataja asubuhi yote hii. Niliinunua mpya, na boksi lake nilikuja nalo, mkasema boksi jipya pampu mtumba. Mbele ya watu

Chande, 08:51
boksi lipo, kuku anatagia

Mama Zuu, 08:52
😂 mtoto huyu

Dada Rehema, 09:15
TITO. Ni pampu au siyo pampu? Jibu moja

Tito, 09:38
Siyo pampu aunt. Ngoja nieleze msinikatize. Nimeweka mashine ya kusoma kodi za hitilafu za gari, imetoa P0627, yaani saketi inayoendesha pampu ina tatizo, haisemi pampu imekufa. Kwenye gari hili kompyuta haiwashi pampu moja kwa moja, inaamrisha kaboksi fulani, moduli ya pampu, ndo inapima umeme wa kupeleka, ukikanyaga inaongeza ukiachia inapunguza. Imefungwa kwenye chesisi huku nyuma juu ya tairi la spea, inakula maji na matope yote ya barabarani. Nimepima pale: umeme unaingia 12.4, na nimeweka balbu kabisa sio mita tupu maana waya ukibaki na uzi mmoja mita inakudanganya, balbu imewaka kali. Ethi (waya wa hasi) nzuri. Amri ya kompyuta inafika. Kinachotoka kwenda kwa pampu ni sifuri

Tito, 09:39
Nikaigonga kidogo na mpini wa bisibisi. Pampu ikaunguruma. Nikaacha, ikazima

Kaka Musa, 09:44
Si nilisema gongeni

Tito, 09:46
Uncle wewe ulisema tangi 😅 ila ukigonga tangi mtikisiko unafika mpaka huku. Nimeifungua, mgongo wake wa aluminiamu umeliwa pale ulipogusana na chuma, umepasuka, maji yameingia ndani. Nawatumia picha

Chande, 09:47
inafanana na mkate ulioota ukungu

Binti Zuu, 10:30
Si umpe pampu waya moja kwa moja toka kwa betri tumpeleke Bibi kwanza

Tito, 10:34
Hapana dada. Kujaribu dakika moja sawa, ila safari hapana. Itakimbia kwa nguvu zote muda wote, na mkigonga kitu hakuna wa kuikata, inaendelea kumwaga petroli

Dada Rehema, 10:36
Umesikia Binti Zuu. Haya, michango. Naanza mimi

Dada Rehema, 11:10
Naanza mimi nimesema. Wa pili?

Babu, 11:32
Tito. Siku ile walipolishusha tangi, kuna mtu alipima kwanza?

Tito, 11:40
Hapana Babu. Walikuta haliungurumi wakasema pampu. Nadhani zile wiki tatu lilitembea kwa sababu walichomoa soketi wakazirudisha, moduli ikapata uhai kidogo

Babu, 11:58
Basi nilimwambia Kassim neno zito kwa kitu ambacho hakuna aliyekipima. Kassim leo jioni nakuja kwako. Usinifuate wewe, nakuja mimi.

Mama Zuu, 12:20
🙏

Shem Kassim, 13:47
Nimeisoma Babu. Karibu

Dada Rehema, 14:05
Haya. Sasa tusilale. Moduli nani anaitafuta?

Kaka Musa, 14:30
Kuna jamaa ana gari bovu kama letu, anaitoa

Tito, 14:33
Uncle muulize namba ya kwenye lebo, ifanane mpaka herufi ya mwisho. Nyingine lazima zipangwe na kompyuta ya gari ndo zikubali. Na ya bovu itakuwa imekaa kwenye matope yaleyale. Mi ningesema mpya. Na nikifunga nitaiinua kwa washa, zile pete ndogo za boliti, isilale kwenye chuma tena, hewa ipite. Hasi ya betri natoa kwanza

Tito, 14:35
Ila kabla ya kuifunga nataka kupima pampu inavuta ampea ngapi. Ikiwa inavuta kupita kiasi itaichoma na hii mpya, tutakutana hapahapa. Mita yenye kibanio nilimwazima mtu humu

Dada Rehema, 14:36
Nani ana mita?

Dada Rehema, 15:20
NANI ANA MITA

Kaka Musa, 16:02
👍

Dada Rehema, 16:03
Musa hiyo 👍 ni ya mita au ya mchango?

Chande, 17:15
_Ujumbe huu umefutwa_

Dada Rehema, 17:16
Chande nimeuona kabla hujafuta. Ilete kwa Tito usiku huuhuu

Chande, 17:40
kibanio chake kimekatika kidogo

Shem Kassim, 19:26
Babu amefika. Tito njoo na ile moduli aione kwa macho