Mlinzi wa shamba anaruhusiwa kutumia nguvu kiasi gani dhidi ya mwizi?

Mzabibu wa Mpunguzi:
Habari zenu, wanajukwaa. Tunalima zabibu Mpunguzi, nje kidogo ya mji wa Dodoma, na mavuno yanapokaribia wezi huingia usiku. Mlinzi wetu, mzee anayelala shambani na rungu na panga, ameniuliza swali lililonishinda: akimkuta mtu anakata vichala, sheria inamruhusu afike wapi? Majirani wanasema mwizi aliyekutwa shambani hana haki yoyote.

Wakili Kisasa:
Ndugu, majirani hao watamponza mzee wa watu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, yaani sheria ya makosa ya jinai ya Tanzania, inampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwenzake na kulinda mali yake au iliyo mikononi mwake kihalali. Kwa hiyo mlinzi, ingawa shamba si lake, haki hiyo anayo. Kinachobanwa ni kiasi, kwa kuwa nguvu inayotumika lazima iwe ya kadiri na iwe inahitajika kwa ulinzi huo. Ikipitiliza na mtu akafa, kosa ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Haki ya kujilinda hufika hadi kusababisha kifo pale tu penye hofu ya msingi ya kuuawa au kujeruhiwa vibaya, au mbele ya uovu mzito kama ubakaji, utekaji na unyang'anyi. Vichala vya zabibu havimo.

Mzabibu wa Mpunguzi:
Na mwizi akimrukia kwa kisu, kisha akageuka kukimbia?

Wakili Kisasa:
Wakati kisu kiko juu, mzee anaweza kupiga, na mahakama haitamdai apime pigo kwa mizani ya dukani. Mtu akishageuka, hatari imekwisha. Panga la mgongoni ni kisasi, na jeraha la mgongoni ndilo daktari ataliandika katika ripoti yake.

Mama Chamwino:
Niongeze jambo moja. Raia anaruhusiwa kumkamata mhalifu, ila amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumfunga kamba hadi asubuhi ili kijiji kizima kije kumpiga ni kosa jipya, na mlinzi atakuwa wa kwanza kuulizwa. Mnunulieni tochi kali na filimbi.