Gari lililotumika la kuvuta tela la farasi wawili: Prado, Hilux au Discovery 3?

MfugajiNaivasha

Hamjambo wenzangu. Natafuta gari lililotumika la kuvuta tela la farasi wawili, Naivasha hadi Ngong Racecourse mara mbili kwa mwezi, na Nanyuki mara mojamoja. Tela ni la Kiingereza, ekseli mbili, lina breki zake zinazojikamata zenyewe tela linaposukuma gari. Kibati kinasema uzito wa juu kabisa ni kilo 2,600. Likiwa tupu ni kilo 950. Farasi mmoja ana kilo 480 na poni ana kilo 350, ila mwakani poni ataondoka na nafasi yake itachukuliwa na farasi mkubwa.

Yaliyo ndani ya bajeti yangu ni matatu: Prado 120 ya 2007, petroli 2.7, otomatiki, Hilux ya 2009, dizeli 3.0, manyuali, milango minne. Na Discovery 3 ya 2008, dizeli 2.7, otomatiki. Muuzaji wa Prado anasema gari lake linavuta chochote. Mngechukua lipi, na nikague nini kabla sijatoa pesa?

DizeliNaGia

Piga hesabu ya mzigo wa mwakani, usipige ya leo. Tela 950, farasi wawili wakubwa 1,100, na nyasi, maji na matandiko kama 80. Jumla ni kilo 2,130. Hilux ya miaka hiyo imeruhusiwa kuvuta kilo 2,250 au 2,500, kutegemea mwaka na soko ilikotengenezewa. Prado 120 ni 2,500 hadi 2,800. Discovery 3 ni 3,500. Kama Hilux hiyo ni ya 2,250, utabaki na kilo 120 tu, na farasi si saruji: anahama, anajiegemeza, anapiga teke. Mimi napenda mzigo usizidi asilimia 85 ya kiwango cha gari.

Sasa hiyo Prado ya petroli. Injini yake ya 2TR haina tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), na nguvu yake ya kuzungusha ni 246 Nm kwenye usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kimo. Barabara ya kutoka Naivasha kupitia Limuru inapita juu ya mita 2,200, kwa hiyo pale juu umebakiwa na kama 195 Nm, giaboksi ya gia nne, na tani mbili nyuma. Itapanda, sikatai. Lakini itapanda ikiwa imeshuka gia, injini inalia, na mafuta ya giaboksi yanachemka. Dizeli ya 3.0 kwenye Prado ya otomatiki inatoa 410 Nm, kwenye Hilux yako ya manyuali 343 Nm, na tabo inafidia sehemu kubwa ya upungufu wa hewa.

Ningekuwa na pesa hiyo ningetafuta Prado 120 yenye dizeli hiyo ya 3.0, milango mitano. Ile ya milango mitatu ni fupi, umbali kati ya ekseli zake ni mm 2,455 badala ya 2,790, na gari fupi tela hulichezesha mkia kirahisi.

Ukaguzi wa hiyo dizeli (1KD) uanze injini ikiwa baridi kabisa. Ukikuta muuzaji ameshaipasha moto, rudi siku nyingine. Sikiliza mgongano mkali kama nyundo ndogo: hiyo ni nozeli inayopulizia dizeli. Kisha angalia taa ya oili inachukua muda gani kuzima baada ya kuwasha. Washa za shaba (pete za kuzibia) zilizo chini ya nozeli zikivuja, gesi ya mwako hupita hadi kwenye oili, inafanya masizi, na masizi huziba chujio la kufyonzea oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Tabo hufa kwanza, injini inafuata. Taa ikichelewa, fundi afungue sampu aangalie chujio kabla hujalipa chochote.

MamaZizi

Nakubaliana kuhusu petroli. Ila mbona Discovery imerukwa? Kwa kuvuta tu, ndiyo bora kati ya hizo tatu: ni nzito kuliko tela, ina gia sita, na springi zake za hewa zinalirudisha gari sawa ukishafunga tela. Tatizo ni umri. Injini hiyo ya 2.7 inajulikana kwa kukata krenki, ina mkanda wa taimingi mbele na mwingine nyuma unaozungusha pampu ya dizeli, na kompresa ya springi za hewa huchoka. Iegeshe usiku kucha. Asubuhi ikiwa imelala pembe moja, kuna uvujaji. Kama hakuna stakabadhi ya mikanda yote miwili, au huna fundi wa Land Rover mwenye mashine yake ya kusoma hitilafu karibu nawe, iache. Farasi akiwa ndani ya tela kando ya barabara kule Kinungi, gari lililozima si usumbufu tu, ni hatari kwake.

Jambo la pili ni kushuka. Watu wanauliza gari litapandaje, na kinachoua ni mteremko wa Mai Mahiu. Kwenye majaribio, shuka mlima halisi. Usukani ukitetemeka unapokanyaga breki, diski zimepinda. Badilisha mafuta ya breki hata kama yanaonekana mazuri, weka DOT 4 mpya. Ya zamani yamenyonya maji, na maji yakichemka pedali inazama hadi chini. Gia ichaguliwe kabla mteremko haujaanza, ya tatu au ya pili, usingoje hadi kasi ishike.

Gololi50

Mmesahau sehemu inayounganisha gari na tela, na ndiko ninakoona kazi mbovu zaidi.

Ile gololi (tufe la chuma linaloshikwa na kichwa cha tela) inayofungwa kwenye bampa ya Hilux si ya kazi hii. Unataka chuma cha kuvutia kilichofungwa kwa bolti kwenye reli zote mbili za chasisi, chenye kibati cha uzito. Kikiwa kimechomelewa kienyeji na hakina kibati, hesabu bei ya kipya ndani ya bei ya gari. Gololi iwe ya mm 50. Kimo chake, kutoka ardhini hadi katikati ya gololi, kiwe mm 350 hadi 420 gari likiwa na mzigo. Magari yetu mengi yaliyoinuliwa yana gololi juu sana. Pua ya tela inainuka, ekseli ya nyuma ya tela inabeba zaidi ya haki yake, na tairi zake zinapata moto hadi kupasuka. Dawa ni chuma cha kushushia gololi kilichotengenezwa kiwandani. Usikate springi.

Uzito wa pua unaupima nyumbani: mizani ya bafuni, kipande cha mbao kilichosimama wima chini ya kichwa cha tela, tela likiwa sawa na limepakiwa. Namba isizidi ile iliyo ndogo kati ya kibati cha chuma cha kuvutia na kibati cha tela. Pua ikiwa nyepesi mno tela litayumba. Ukibeba farasi wawili, mzito akae kulia. Ukibeba mmoja, kulia pia, kwa sababu barabara zetu zinainamia kushoto.

Umeme: kwenye plagi ya pini saba, waya mweupe ndio eathi (njia ya umeme kurudi kwenye betri). Ukikanyaga breki na taa za indiketa za tela zikawaka hafifu pamoja nazo, usibadilishe balbu, eathi imeoza. Kebo ya dharura, ile inayovuta breki za tela likichomoka, isizungushwe kwenye gololi. Ifungwe kwenye tundu la chasisi.

Na kabla ya safari yoyote, inua mkeka wa mpira wa tela, uchome sakafu kwa bisibisi kila sentimita kumi. Mkojo huozesha mbao kutoka chini, na juu huoni kitu.

MfugajiNaivasha

Asanteni sana. Nimepata Prado 120 ya dizeli ya 2008, otomatiki, bei ya juu kidogo kuliko nilivyopanga. Oili ya giaboksi ni ya kahawia, hainuki kuungua. Muuzaji anasema ni kawaida. Na kupanda kwetu kutoka Naivasha nitajuaje kama giaboksi inapata moto?

DizeliNaGia

Kahawia bila harufu ya kuungua ni uzee. Ikiwa na rangi ya maziwa ya stroberi, hapo acha gari: rejeta imepasuka ndani na maji yameingia kwenye giaboksi. Omba sampu ya giaboksi ifunguliwe uone sumaku. Vumbi laini la kijivu ni sawa, vipande vinavyong'aa si sawa. Ukinunua, mwaga na ujaze mara tatu, ukiendesha siku chache kati ya kila mara, badala ya kusukuma yote kwa mashine siku moja.

Kwa joto, chomeka skana ndogo ya OBD (tundu la kusomea hitilafu za gari) yenye uwezo wa kusoma giaboksi na uifuatilie mlimani. Chini ya nyuzi 100 uko salama. Ikikaribia 120, egesha, weka gia huru, injini iendelee kunguruma hadi ishuke. Kabla ya mwezi wa kwanza kwisha ongeza rejeta ndogo ya pembeni ya oili ya giaboksi, iwekwe mbele ya ile ya maji. Ukiwa na farasi nyuma, shusha kijiti cha gia ili gia ya juu kabisa isiingie, tangu mwanzo wa kupanda. Giaboksi inayoruka juu na chini kila dakika ndiyo inayojichemsha.