Mjadala: Je, kufundisha kompyuta na intaneti shehiani kuwe sharti la kupata shahada?

Mwanzisha mada, mwalimu mstaafu, Wete

Assalaam aleykum. Pendekezo ninalolileta limekuwa likizungumzwa barazani kwetu tangu vijana wa vyuo waliporudi likizo: kwamba kila mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Zanzibar, kabla ya kuhitimu, awe amewafundisha watu wa shehia fulani matumizi ya simu, kompyuta na intaneti, na kazi hiyo ihesabiwe katika alama zake kama somo jingine lolote. Mimi naunga mkono, tena kwa sharti, si kwa hiari.

Elimu bila malipo ilitangazwa hapa tarehe 23 Septemba 1964, na sisi tuliosoma baada ya hapo hatukulipia dawati. Mama yangu mwenyewe alijifunza kuandika jina lake kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, na aliyemfundisha alikuwa kijana aliyemzidi madarasa machache tu. Leo kutojua kusoma kumechukua sura nyingine. Matokeo ya mitihani ya taifa hutazamwa mtandaoni, maombi ya mkopo wa elimu ya juu hujazwa mtandaoni, na hata sensa ya 2022, iliyotuhesabu Wazanzibari 1,889,773, ilifanywa na makarani wenye vishikwambi ambavyo baadaye walipewa walimu. Vyombo vimekuja, nao umeme wa uhakika tumeupata tangu 2010, ulipovutwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga hadi Pemba. Wa kukaa na mzee mpaka ajue ndiye hayupo.

Wala jambo hili si geni duniani. Mexico mwanafunzi hapewi shahada mpaka atimize saa 480 za huduma kwa jamii, katika muda usiopungua miezi sita. Ufilipino ina sheria ya 2001 inayomtaka mwanafunzi wa chuo achague namna ya kulitumikia taifa, na mojawapo ni kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa nini isiwe sisi?

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Unguja

Shikamoo Maalim. Kazi siipingi, napinga sharti, na nitaeleza kwa yale niliyoyaona mwenyewe.

Mwaka jana tulikwenda wanafunzi watano katika kijiji kimoja cha kusini, tukapewa chumba cha skuli chenye kompyuta sita, tatu kati yake zikiwaka. Wanakijiji waliofika hawakupungua arubaini. Kwa siku mbili tulionyesha namna ya kuwasha, kushika kipanya na kufungua kivinjari, tukapiga picha na fulana zetu, tukaondoka. Baada ya wiki tatu nilipita tena kijijini hapo kwa harusi, mama mmoja akanikumbuka na kuniambia kwamba tangu siku ile chumba hakijafunguliwa, kwa kuwa ufunguo anao mtu anayeishi mjini. Ripoti yetu, hata hivyo, ilisema tumefundisha watu arubaini.

Maalim, umetaja saa 480. Ukizigawa kwa saa nne kwa siku unapata siku 120 za kazi, yaani karibu wiki 24 kwa mtu anayefanya kazi siku tano kwa wiki. Hilo ni jambo zito lenye ratiba na msimamizi. Kwetu sharti litakapopitishwa, nahofia litageuka siku mbili za fulana, kwa sababu mwanafunzi aliyelazimishwa hutafuta saini, na msimamizi mwenye wanafunzi mia mbili humpa. Tena sisi wa Pemba tunaosoma Unguja tunarudi likizo tukiwa na kazi nyumbani. Mwaka wa karafuu nyingi hakuna mzazi atakayemwachia kijana mwenye nguvu akae darasani na kipanya.

Mwenye steshenari, Chake Chake

Nimewasoma nyote wawili, na naona mnabishania saa ilhali tatizo lenyewe nalitazama mezani kwangu kila siku.

Kazi yangu ni fotokopi na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Chini ya meza ninalo daftari lenye majina ya wateja na nywila zao, kurasa na kurasa, kwa sababu wao wenyewe huniomba niwawekee. Wapo vijana ambao maombi yao ya mkopo yamesajiliwa kwa namba yangu ya simu, kwa hiyo ujumbe wao hufika kwangu kwanza. Sijivunii hilo. Siku nikifa au daftari likiibiwa, sijui watu hao wataingilia mlango gani.

Sasa, wanafunzi wanaokuja kufundisha hufanya kama mimi, tofauti ni kwamba wao hawatozi. Mzee anatoa simu, kijana anaipokea, anabonyeza mara tano, anairudisha, mzee anaomba dua na kuondoka akiwa na furaha na bila kujua lolote. Huko ni kumfanyia mtu, na si kumfundisha. Nimemsikia kijana mmoja, mwenye nia safi kabisa, akimwuliza bibi namba yake ya siri ya pesa za simu kwa sauti, mbele ya umati.

Na matokeo yake tunayaona. Shemeji yangu alipokea ule ujumbe wa matapeli ambao nadhani kila mwenye simu nchini ameshaupata, unaosema ile pesa itume kwenye namba hii. Alikuwa kweli anadaiwa pesa na mtu, akatuma. Kama kuna somo la kwanza shehiani ni hilo, na linafundishwa kwenye simu aliyonayo mtu mfukoni, wala halihitaji chumba wala ufunguo wa mtu wa mjini. Mwanafunzi aweke mikono nyuma, mwenye simu abonyeze mwenyewe, hata kama itachukua nusu saa.

Mtaniuliza kama sitapoteza wateja. Nitapoteza. Fotokopi zitabaki.

Mwanzisha mada

Nakiri kwamba hoja ya daftari imenishinda, na hadithi ya ufunguo imenitia aibu, maana nimewahi kusaini ripoti za namna hiyo. Naliondoa neno nililoanza nalo, kwamba kila mwanafunzi afundishe katika shehia fulani. Afundishe katika shehia yake, watu kumi tu, wale wale kwa likizo nzima, saa mbili kwa siku. Lakini sharti na alama nabaki navyo. Huduma isiyo na alama hufanywa na wale wale wenye moyo, na kwa hesabu yangu hao hawatoshi hata kwa wilaya ya Wete peke yake.

Alama nazo zisitoke kwenye ripoti. Msimamizi aende shehiani mwisho wa likizo, amkalishe mmoja wa wale kumi na kumwambia atafute matokeo ya mtihani ya mjukuu wake, kisha amwonyeshe ujumbe wa ile pesa na kumwuliza atafanya nini, mwanafunzi akiwa nje ya chumba.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Unguja

Kwa hiyo, Maalim, mtihani atafanya bibi yangu na alama nitapewa mimi. Kwa namna hiyo sharti nalikubali, kwa kuwa hapo hakuna saini ya kuombwa. Ila saa hizo mbili zisiwekwe baada ya magharibi. Msimu ukiingia, wakati huo mimi na bibi sote tuko kwenye mkeka tunachambua karafuu.