Naomba ushauri: habu ya trela la boti inachemka nikiwa safarini

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Mimi niko huku Texas navua samaki wa bass kwa mashindano, yaani nusu ya maisha yangu ni barabarani navuta boti na pikapu. Juzi nimetoka ziwa Sam Rayburn naenda ziwa Guntersville kule Alabama, masaa zaidi ya 10, na kila nikisimama kujaza mafuta habu (kile kitovu cha gurudumu chenye beringi) ya tairi la kulia la trela huishiki hata sekunde mbili, ya kushoto vuguvugu tu. Nimebadilisha beringi na sili, grisi mpya, nati nimelegeza kidogo, bado. Fundi mmoja wa njiani kanila hela akasema iko poa, maili 60 mbele harufu ya kuungua ikarudi.

Halafu nalala kwenye gari kubana matumizi (zawadi yenyewe bila samaki 5 wazito huioni), sasa kwa kukosa soketi ya kuchajia, betri za mota ya umeme ya mbele ya boti zinaamka nusu.

Naombeni msaada, kama ni breki inashika au ekseli imepinda nitajuaje hapahapa njiani? Na usiku bila soketi mnachaji vipi? Alhamisi alfajiri naingia majini.