Mto Wye, Derbyshire: nishuke wapi kupata picha zaidi ya lile daraja la Monsal Head?

Mgeni_Sheffield

Wakuu, habari za jioni. Nipo Sheffield kimasomo, nina kamera ya Canon ya mtumba yenye lenzi ya 18-55 na stendi ya kamera, hivyo tu. Wikiendi napenda kufuata Mto Wye, kule unakopita kwenye mabonde ya mawe ya chokaa kati ya Buxton na Bakewell. Shida yangu ni mwanga. Nikisimama Monsal Head, pale juu watu wanapotazamia bonde na daraja la reli ya zamani, mchana wa jua, miamba inaungua kwa weupe na mto kule chini unakuwa mweusi tii. Isitoshe, picha ya daraja kutoka pale juu kila mtu anayo. Mwenye uzoefu na mto huu anisaidie: nishuke wapi, hali ya hewa ipi, na kuna filta ya lazima au wauzaji wanataka hela yangu tu?

BintiPangani

Mdogo wangu, karibu kwenye mto ninaoupenda kuliko yote ya nchi hii. Naishi Derby na Wye ndio ninaoufuata mwaka mzima. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu inaniuma kuona watu wanaishia kwenye maegesho ya juu, wanapiga daraja, wanaondoka, mto wenyewe hawajauona.

Subiri mawingu. Chokaa ni nyeupe na bonde ni jembamba, kwa hiyo jua likiwaka, jabali moja linachukua mwanga wote na la mkabala linabaki gizani. Kamera haibebi vyote viwili kwa pigo moja. Siku ya mawingu mazito mwanga unashuka sawasawa hadi kwenye maji. Ikiwa mvua imetoka kunyesha ni bora zaidi, maana jiwe likilowa weupe unapungua, linakuwa la kijivu, na majani yanakolea. Mbingu ya siku kama hiyo haina kitu, iache nje ya fremu kabisa.

Halafu shuka. Anzia Miller's Dale, ufuate mto kuelekea juu hadi Chee Dale. Kuna mahali jabali limeinamia maji na njia imekosa pa kupita, wakapanga mawe makubwa mtoni ya kukanyagia. Hapo ndipo ninapotaka ufike. Fungua miguu ya stendi mpaka lenzi iwe karibu na maji, iweke 18 mm (upana wake wote), ule mstari wa mawe uingie kwenye picha kutoka kona ya chini. Mwamba ujaze sehemu ya juu yote.

Filta ya kununua ni moja: polaraiza, kioo cha kuzungusha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao. Maji ya Wye ni safi sana, lakini jicho la kamera linaona mng'ao wa juu tu. Zungusha polaraiza polepole na utaona mng'ao unaondoka, majani ya chini ya maji yanatokea, pengine hata samaki aina ya trauti. Usiimalizie mpaka mwisho; bakiza mng'ao kidogo, la sivyo maji hayaonekani kama maji. Filta hiyo inakula mwanga, nayo ni faida yako: kwenye f/11 (tundu dogo la lenzi) na ISO 100 (kamera isiyo nyepesi kwa mwanga), chini ya miti, shata itabaki wazi yenyewe robo au nusu sekunde. Nusu sekunde inaacha michirizi ya mkondo. Wanaofunga filta nyeusi na kuacha shata wazi sekunde thelathini wanapata maji meupe kama maziwa ya kunywa, na mimi sioni kwa nini mtu atembee mpaka kule kupiga picha ya maziwa.

Shuka pia chini ya Litton Mill hadi Water-cum-Jolly, ambako maji yametulia kwa sababu yalizuiwa kwa ajili ya kinu cha pamba cha Cressbrook. Pale ondoa filta, kwa sababu unachotaka ni taswira ya jabali ndani ya maji, na polaraiza inaifuta.

Na piga miamba kwa karibu. Chokaa hii ni mabaki ya viumbe wa bahari ya joto yenye kina kifupi, zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, wakati ardhi hii ilipokuwa karibu na ikweta. Utaona vipande vya mviringo vya krinoidi, jamaa za kiti cha pweza. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe, na nikiuweka mkono kwenye ukuta wa Chee Dale sijisikii mgeni.

Usicheleweshe. Miti ya ash iliyojaa kwenye miteremko inakufa kwa ugonjwa wa kuvu uliothibitishwa Uingereza mwaka 2012. Bonde unaloliona sasa linabadilika.

Alfajiri_Njema

Dada, nakubaliana na yote ila Monsal Head usiifute hivyo. Vuli, baada ya usiku usio na mawingu wala upepo, ukungu unajaa bondeni na matao matano yanatokeza juu yake. Uwe umeshasimama pale kabla jua halijachomoza. Na daraja lina historia: reli ilifunguliwa 1863, na John Ruskin, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, aliilaani kwamba bonde limeharibiwa ili mtu wa Buxton afike Bakewell kwa nusu saa. Reli ikafungwa 1968. Leo njia ile ni ya watembea kwa miguu na baiskeli, na mahandaki yake yalifunguliwa kwa umma 2011. Kijana, simama ndani ya handaki karibu na mdomo wake, pima mwanga wa nje, mdomo wenyewe uwe fremu.

BintiPangani

Kwa ukungu nimekubali, kaka. Ninachokataa ni mchana wa jua.

Mgeni_Sheffield

Asanteni sana. Dada, yale mawe ya Chee Dale yanapitika hata baada ya mvua? Na kuna mtu aliniambia Mto Lathkill, ule wa jirani, ni mzuri kuliko Wye.

BintiPangani

Mvua kubwa ikinyesha mto unayafunika. Ukikuta maji yamepita juu ya jiwe hata kidogo, rudi, chokaa iliyolowa inateleza vibaya mno na begi la kamera linakuvuta. Ngoja maji yashuke. Viatu viwe vya soli yenye meno.

Lathkill ni mzuri, ila uende baridi au mwanzo wa masika. Kiangazi sehemu ya juu hukauka, maji yanazama kwenye nyufa za chokaa na kwenye mifereji ya zamani ya migodi ya madini ya risasi. Kama utaenda Julai, anzia Over Haddon ushuke na mto, kule kwenye vizuizi vidogo vya maji, huko utayakuta.

Ukirudi kutoka Chee Dale tupia hapa picha mbili tatu kabla hujazihariri. Nataka kuona umezungusha polaraiza kiasi gani.