MJADALA: Dau la saba-mbili kwenye poka ya simu, liendelee au tulitoe kwenye magrupu yetu ya Malindi?

Salaam kwenu nyote wa Malindi, na wa Lamu mnaotusoma pia. Naleta hii maneno hapa tuijadili waziwazi kwa sababu naona imekua mji mzima na watu wanaisemea pembeni tu, kwenye mabaraza, kwenye vijiwe vya boda, kila mtu na lake, halafu mtu akiumia wote tunanyamaza.

Kwa wale hawajui nini nazungumzia. Poka inayochezwa sana kwenye simu ni ile ya Texas Hold'em, kila mtu anapewa karata mbili za siri, kisha katikati zinafunuliwa tano za wote, unatafuta tano bora kati ya zile saba. Sasa karata mbili mbovu kabisa za kuanzia mezani kukiwa na watu wengi ni saba na mbili za aina tofauti, mfano saba ya shupaza na mbili ya kopa. Hazifungamani, kwa maana huwezi kupata mfululizo wa tano ukatumia zote mbili, haziko aina moja, na hata ukipata jozi ya saba huenda kuna mtu ana kubwa kuliko yako. Mchezaji yeyote anayejua kazi yake akiziona anazifoldi, yaani anazitupa, hapohapo hata hafikirii.

Ndio limeletwa hili dau la pembeni. Halikuzuliwa hapa, limetoka kwa wacheza poka wa nje: ukishinda raundi ukiwa umeshika saba-mbili, iwe kwa karata kufunuliwa au kwa kublafu, yaani kujifanya una karata nzuri, wenzio wote wakakimbia, unaonyesha karata zako na kila aliyekaa mezani anakulipa juu ya ile uliyoshinda. Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp nimeona shilingi ishirini ishirini, kwengine hamsini, kwengine mia.

Msimamo wangu nautoa mapema, nataka litolewe. Na nasema hivo nikiwa mtu anayeipenda poka, sio mtu wa nje anayekuja kuhubiri. Poka ina kitu kimoja tu kinachomlinda mnyonge nacho ni kule kufoldi. Umepewa takataka, unatupa, hujapoteza kitu, unangoja. Kijana anayejua kungoja anaweza kukaa na wenye pesa na asiumie. Hili dau linamlipa mtu ili aiache hio kinga, ni kama kumlipa nahodha atoke na mashua kusi ikiwa imechafuka na wale walioko ufukweni ndio wanashangilia.

Hebu tupige hesabu pamoja. Meza ya watu sita, blaindi, zile pesa ambazo watu wawili wanalazimika kuziweka mwanzo, ni 5 na 10, kwa hiyo kabla hamjaanza kuna 15 katikati. Umepata saba-mbili, hauko kwenye blaindi, wengine wamefoldi mpaka kwako, unareizi, yaani unapandisha dau, hadi 30 kuiba ile 15. Bila dau la pembeni hio blafu inakulipa tu kama waliobaki wanakimbia zaidi ya mara 2 kati ya 3, kwa sababu unahatarisha 30 kupata 15. Sasa weka dau la ishirini kwa kila mtu, watano wakulipe, hio ni 100 juu. Unahatarisha 30 kupata 115, na sasa wakikimbia zaidi kidogo tu ya mara 1 kati ya 5 wewe uko sawa! Yaani dau la shilingi ishirini, ambalo watu wanasema ni la utani, limegeuza hesabu yote ya raundi juu chini. Na kila mtu mezani anaijua hio hesabu, kwa hiyo hakuna anayekuamini tena ukireizi, wanakuja nawe mpaka mwisho, na kadri wanavyokuja ndivyo unavyosukuma zaidi kwa sababu ile mia bado inakuita.

Nimeliona kwa macho. Kijana wa tuktuk, amepaki pale kivulini mchana wa jua kali akisubiri abiria, simu mkononi, mie nimekaa siti ya nyuma. Amepata saba ya shupaza na mbili ya kopa akacheka kwa sauti, akanionyesha. Akareizi 30, mmoja akamfuata. Zikafunuliwa mfalme, tisa, nne. Hana kitu kabisa. Akaweka 60, yule akamfuata. Ikaja tano. Akaweka 150, yule bado yupo. Nikamwambia sasa acha, akasema hapana, huyu lazima akimbie, nikimtoa hapa napata za wote. Ikaja ghulamu, akasukuma 260 yote iliyobaki, yule akafungua mfalme na kumi, mchezo umekwisha. Mia tano. Bila lile dau zile karata angezifoldi na asingepoteza hata shilingi moja. Niliuona uso wake, hakuongea, akawasha tuktuk akaondoka bila abiria zaidi yangu na hata hakuniuliza naenda wapi.

Na tofauti ya simu na meza ya kawaida msiidharau. Saba-mbili za aina tofauti mtu anazipata mara 1 katika kila raundi 110 hivi. Meza ya sita maana yake karibu kila raundi 18 au 19 kuna mmoja wenu anazo. Mkicheza kwa karata za mkono, mnachanganya, mnagawa, mnapiga stori, mnaagiza kahawa, saa nzima mnafika raundi 25 au 30, kwa hiyo linatokea mara moja au mara mbili na mnacheka linapita. Kwenye simu hakuna wa kuchanganya, raundi 60 na zaidi kwa saa ni kawaida, na kuna wanaofungua meza mbili kwa pamoja. Kile kilichokuwa kichekesho cha usiku mmoja kimekuwa kitu kinachokugonga mara tatu na zaidi kila saa.

Nasubiri maoni yenu, tusitukanane.

NYONGEZA, nimesoma majibu, najibu yale makubwa.

Ndugu wa Shella kasema mwisho wa siku pesa inalingana kwa sababu kila mtu anapata saba-mbili sawa na mwenzake, leo unalipa kesho unalipwa. Kupata ndio sawa kaka, kushinda nazo sio sawa. Anayeshinda nazo ni yule anayejua lini kublafu na yule mwenye chipu nyingi ambaye kusukuma 260 hakumuumi. Mgeni wa mchezo anazipata mara zilezile lakini anaishia kama yule wa tuktuk. Halafu kuna kitu umekiruka, kwa wanaochezea apu za pesa halisi, apu inakata asilimia yake kwenye poti, ile pesa ya katikati, na poti zinanona sana watu wakifukuzia saba-mbili. Huko kulingana unakokusema, mwenye apu ashachukua chake kabla hamjalingana.

Kuna kijana kaandika kwa herufi kubwa kwamba poka ni akili na mfano ni Chris Moneymaker, Mmarekani mhasibu aliyeingia mashindano ya dunia ya 2003 kwa kupitia onlaini akatoka na dola milioni 2.5. Mdogo wangu, ni kweli, na ile blafu yake kwa Sam Farha, mpinzani wake wa mwisho, watu wanaizungumza hadi leo. Lakini mfano wako unanisaidia mie. Akili kwenye poka ni kuchagua raundi gani uingie na gani uache, na hili dau linakuchagulia. Huwezi kusema huu ni mchezo wa akili halafu ukaweka sharti la kumzawadia mtu kwa kucheza vibaya. Ukikutana na ree mbili, wewe na saba-mbili zako mkaenda mpaka mwisho, ree zinashinda karibu mara 88 kati ya 100. Hapo akili yako itafanya nini?

(Na yule aliyesema saba-mbili sio mbovu zaidi, mbovu ni tatu-mbili, mkiwa wawili tu hoja yako ni sahihi, tatu-mbili ndio ya mwisho. Meza ikijaa watu wanahesabu saba-mbili. Haibadilishi kitu hapa.)

Ustadh, wa aleikum salaam. Umeandika kwamba hatuna haja ya kujadili dau gani litoke na lipi libaki maana aya ya 90 ya Al-Maidah kwenye Qur'ani imeshamaliza, kamari ni uchafu na tuiepuke. Siwezi kubishana nawe hapo na sitaki, umesema haki na nashukuru kwa kusema kwa upole. Ombi langu kwako ni moja, kuna vijana wako mezani sasa hivi, leo usiku, na hawatoki kesho kwa sababu mie na wewe tumekubaliana. Wakati unawaita watoke, niache mie nijaribu kupunguza wanachopoteza. Najua utasema napaka rangi nyumba inayoungua. Lakini baina ya kijana aliyepoteza hamsini na aliyepoteza mia tano kuna chakula cha nyumba nzima hapo katikati, na wewe waijua hio nyumba kuliko mie.

Waliosema serikali ije, hebu tuangalie. Sheria mpya ya Kenya ya kudhibiti kamari ya 2025 imekuja kuchukua nafasi ya ile ya 1966, chini ya miaka 18 hakuna ruhusa, na hata kodi imebadilishwa, tangu Julai 2025 ukiweka pesa kwenye akaunti ya kampuni ya beti inakatwa asilimia 5 na ukitoa asilimia 5. Sawa. Lakini magrupu yetu yako wapi kwenye hizo? Hayako popote. Mnajua yanavyokwenda: mnaingia kwenye apu ya bure ya chipu za kuchezea, hazina thamani yoyote huko, mtu mmoja anaweka hesabu, asubuhi inatumwa orodha kwenye WhatsApp fulani anadai fulani anadaiwa, tuma kwa M-Pesa kabla ya saa saba. Hakuna leseni, hakuna anayeuliza kitambulisho, vijana wa shule wako humo na mnajua wako humo. Na ile orodha ndio mbaya, kwa sababu chipu haziumi ukizitupa usiku, zinauma asubuhi zikigeuka shilingi, na mtu hana, anachukua Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, kulipa deni la karata. Dau la saba-mbili ndio linajaza ile orodha, maana hata ukiwa umefoldi umekaa zako kimya, mwenzio akishinda nazo unadaiwa. Hili halijasemwa na yeyote kwa hiyo narudia, UNADAIWA KWENYE RAUNDI AMBAYO HUKUCHEZA.

NYONGEZA ya pili.

Dada wa Maweni hapa una hoja na nimeifikiria sana. Umesema bila saba-mbili meza inakufa, watu wanakaa kama wako benki wanangoja ree na wafalme, na nyinyi kwenye grupu lenu la wanawake mnacheza kwa raha, hakuna anayelia, dau lenu ni shilingi tano. Naamini kabisa. Kweli linaichangamsha meza, hata wale wa nje walilianzisha kwa hilo, na kwenye grupu ambalo mnajuana, mnatembeleana, mwenye hesabu anaweza kumwambia mtu leo pumzika shoga, sioni madhara makubwa. Mie siwasemi nyinyi. Nasema haya magrupu ya watu mia na zaidi, hamjuani, mmoja yuko Watamu, mwengine Mokowe, mwengine hata hamjui yuko wapi, na saa tisa usiku hakuna wa kumwambia mwenzie pumzika.

Ndio maana pendekezo langu nimelirekebisha baada ya kukusoma. Kwenye magrupu makubwa saba-mbili libaki kwa pointi tu, mwenye hesabu aandike nani ameshinda nazo mara ngapi, mwisho wa mwezi jina lake lipachikwe juu aonekane bingwa wa blafu, pesa isiguswe. Mchezo wa kuonyesha karata mbovu ukawacheka wenzio unabaki, deni linaondoka. Kama raha ni ile ya kublafu, ipo. Na kama kuna mtu atasema bila pesa hakuna raha basi atuambie wazi hapa kwamba alikuwa anataka pesa, tusizungushane.

Kuna mmoja kauliza nani atawakubalisha wenye magrupu maana wao ndio wanafaidi. Wenye magrupu mawili wapo humu humu wanasoma, nimewaandikia pembeni, mmoja kajibu kwamba atalizima dau wiki hii aone watu watasemaje, mwengine kasoma na hajajibu. Nitaleta jibu lake hapa akilitoa. Na kama mwanao au mdogo wako yuko kwenye grupu la aina hii, usimpokonye simu kwa hasira, muombe akuonyeshe ile orodha ya asubuhi mkae muisome pamoja jina lake limeandikwa upande gani.