Naomba ushauri: kurudia msako wa mtu aliyepotea porini, tuanzie wapi?

Wadau, habari zenu. Nawaomba wenye uzoefu wa misako. Mtu kapotea porini, msako wa kwanza umesitishwa bila jibu, na kilichobaki ni rekodi ya simu yake: mnara mmoja tu, upande wenye upana wa nyuzi 120, na namba ya umbali 18.

Kwenye GSM (mtandao wa simu wa 2G) kila hatua ya namba hiyo ni kama mita 550, kwa hiyo simu ilikuwa kilomita 10 hivi kutoka mnarani. Ukichora kwenye ramani unapata upinde mwembamba wa kilomita 21. Shida ni kwamba mawimbi yakigonga mlima kwanza, umbali husomeka mkubwa kuliko ulivyo, na hapo upinde wote unahama.

Je, tuanze na makorongo yaliyo ndani ya upinde, au miinuko yenye mtandao? Naegemea makorongo: aliyechoka hufuata mteremko, na mvua hukokota nguo na mifupa hadi kwenye magogo yaliyokwama. Lakini huko ndiko simu haishiki.

Halafu njia za watafutaji wa kwanza hazikurekodiwa kwa GPS. Mimi ningehesabu eneo lote halijapekuliwa, ila watu ni wachache. Kwenye vichaka vinavyofika kifuani, nafasi ya mita 5 kati ya mtu na mtu inatosha kuona kiatu au kitambaa kilichofifia? Tafadhali, familia bado inasubiri.